Magadi Ndani ya Bomba: Jinsi Maji ya Kumwagilia Yanavyoziba Grini za Gofu Nairobi

Mwezi wa Aprili, siku chache baada ya mvua ya masika kukolea, mtunza nyasi wa klabu moja ya gofu jijini Nairobi alinipeleka kwenye grini iliyokuwa imezungushiwa kamba ili isikanyagwe. Alichukua kile kifaa cha chuma mfano wa bomba ambacho hutumika kukata shimo la kutumbukiza mpira, akakididimiza ardhini, akakizungusha, kisha akachomoa kipande cha udongo chenye umbo la kopo. "Nusa hapo, mwalimu," aliniambia. Sentimita nne kutoka juu palikuwa na utepe mweusi unaonuka yai viza, na mizizi yote ya nyasi ilikuwa imekomea papo hapo kana kwamba imegonga sakafu. Chini ya utepe ule udongo ulikuwa mkavu, wa kuvunjika vumbi ukiufikicha, ilhali miguuni petu maji yalikuwa yametuama juu ya nyasi kiasi cha kuonyesha taswira ya mawingu.

"Februari hapa palikuwa zulia," alisema. "Hii mvua ndiyo imetumaliza."

Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi, nayo haikosi mantiki, kwa sababu jicho huiona grini ikiwa kijani kiangazi chote, kisha ikaoza mara mvua inapoanza. Hata hivyo, madhara huwa yameingia mapema, kidogo kidogo, kupitia bomba, katika miezi ile ya ukavu ambapo kila mtu anaisifu rangi ya nyasi. Mvua huja kuyaanika tu. Makala haya yanaeleza ni kwa njia gani maji yanayotoa povu zuri la sabuni, yasiyo na ladha ya chumvi, tena yanayopita kipimo cha mfukoni bila shaka yoyote, yanavyoweza kuiziba grini hadi ikakosa pumzi.

Kwa asiyecheza gofu, grini ni kile kiwanja kidogo cha nyasi laini kinachozunguka shimo, chenye ukubwa wa takriban mita 500 za mraba, na ambacho nyasi zake hukatwa hadi kimo cha milimita tatu au nne tu. Kwingineko uwanjani nyasi za kikuyu, zilizopewa jina kutokana na nyanda hizi hizi tunazoishi, hustahimili karibu kila adha (na mtunza grini huzichukia kwa sababu hiyo hiyo, maana hutambaa usiku na mchana kuelekea asikozitaka). Nyasi za grini, ziwe za benti au za jamii ya Bermuda, hazina akiba hiyo. Jani lililokatwa hadi milimita tatu lina eneo dogo la kupokea mwanga, mizizi nayo hufupika kwa kadiri jani lilivyofupishwa, na juu ya hayo yote wachezaji na makedi wao hupita hapo kutwa nzima. Mmea wa namna hiyo huishi kwa kutegemea sentimita chache za udongo wa juu, na sentimita hizo ndizo zinazopokea kila tone la maji pamoja na kila kilichoyeyuka ndani yake.

Maji yenyewe yanatoka wapi

Maji ya mfereji ya Nairobi kwa sehemu kubwa hutoka upande wa milima ya Aberdare, yakikusanywa katika mabwawa ya Ndakaini, Sasumua na Ruiru. Ndakaini peke yake, lililoko Murang'a, lina uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70. Hayo ni maji ya mvua yaliyopita juu ya ardhi kwa muda mfupi, kwa hiyo hayakupata nafasi ya kuyeyusha madini mengi. Lakini katika jiji ambalo mitaa mingi hupata maji kwa mgao, hakuna klabu inayoweza, wala kwa maoni yangu inayostahili, kumwaga maji ya kunywa juu ya nyasi za mchezo. Ndiyo maana vilabu hutegemea visima virefu, mabwawa ya kuvuna mvua, na mara nyingine majitaka yaliyosafishwa. Mito inayopita katikati ya jiji siitaji, kwa kuwa uchafu wake ni hadithi nyingine kabisa.

Maji ya kisima kirefu yana historia yake. Mvua inayoangukia nyanda zilizo magharibi mwa jiji hupenya udongo, ikachukua hewa ya ukaa itokayo kwenye mizizi na mboji, na hewa hiyo huigeuza kuwa asidi dhaifu. Asidi hiyo husafiri kwa miaka mingi ndani ya miamba ya volkeno yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, ikiimung'unya polepole, na hupita pia katika mashapo yaliyolala kati ya miamba hiyo, ambayo hukamata kalsiamu na kuachilia sodiamu. Keekee ya mchimbaji inapoyafikia, mara nyingi zaidi ya mita 200 chini, maji yamekwisha kuwa myeyusho mwepesi wa sodiamu na bikabonati. Hata ile floraidi inayoyapaka meno ya watu rangi ya kahawia hutokana na safari hiyo hiyo. Nyasi hazina meno, na udongo usio na asidi huizima floraidi kabla haijaisumbua mizizi, kwa hiyo katika suala letu floraidi tunaweza kuiacha kando.

Mkazi wa Nairobi anayefua kwa maji ya kisima huyasifu kwamba ni laini, kwa kuwa sabuni hutoa povu upesi. Sifa hiyo ni ya kweli, na ndiyo hasa inayopaswa kumtia wasiwasi mtunza grini. Maji laini ni maji yenye kalsiamu kidogo.

Jikoni na uwanjani

Sodiamu ikiandamana na bikabonati ni kitu ambacho kila mpishi nchini Kenya anakifahamu kwa jina la magadi. Magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, kusini magharibi mwa jiji, ni chumvi ya sodiamu yenye kabonati na bikabonati, na ziwa lile linaonyesha, kwa ukali wa mwisho kabisa, jambo ambalo visima vyetu hulifanya kwa kiasi kidogo. Anayepika maharagwe makavu au githeri hutia magadi kidogo ili viive haraka. Gamba la haragwe hushikiliwa na kalsiamu, inayofanya kazi ya gundi kati ya seli na seli. Sodiamu ya magadi huingia, ikaing'oa kalsiamu mahali pake, na gamba likalegea. Ukizidisha, sufuria nzima hurojeka.

Udongo nao hushikana kwa namna inayokaribiana na hiyo. Chembe za mfinyanzi ni vipande bapa, vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na nyuso zake zina chaji hasi ya umeme. Kwa kuwa chaji zinazofanana husukumana, kila chembe ingekwenda njia yake kama si kalsiamu na magnesiamu, ambazo zina chaji chanya mbili kila moja na huzivuta chembe hizo hadi zikashikana kuwa vibonge. Katika nafasi zilizo kati ya vibonge ndimo maji na hewa hupita. Sodiamu ina chaji moja tu, tena hujizungushia maji mengi mwilini, kwa hiyo haiwezi kuzisogeza chembe karibu karibu. Inapozidi na kuinyang'anya kalsiamu nafasi yake, vibonge huvunjika, chembe hutawanyika na kuchukuliwa na maji hadi kwenye matundu ya chini, zikayaziba. Grini huwa imerojeka.

Kipimo cha mfukoni na ripoti ya maabara

Watunza viwanja wengi wana kijikalamu cha kupimia ambacho hutumbukizwa ndani ya maji na kutoa tarakimu moja, ama ya upitishaji umeme au ya jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Kifaa hicho hakisemi uongo, ila kinajibu swali moja tu: chumvi ni kiasi gani? Hakijui ni chumvi gani. Kwa mujibu wa mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1985, ambao mpaka leo ndio unaotumika sana katika kuyapima maji ya kumwagilia, maji yenye upitishaji umeme chini ya desisimensi 0.7 kwa mita hayana tatizo la chumvi, na tatizo huwa kubwa yanapopita 3.0. Maji ya visima vya Nairobi mara nyingi huwa chini ya hiyo 0.7 au karibu nayo, na hapo meneja hukirudisha kijikalamu mfukoni akiwa ameridhika.

Tuchukue maji ya mfano, niliyoyatunga ili hesabu iwe nyepesi lakini yenye sura ya maji ya kisima ninayoyazungumzia. Kila lita ina miligramu 115 za sodiamu, 10 za kalsiamu, 2.4 za magnesiamu na 305 za bikabonati, na upitishaji wake wa umeme ni takriban desisimensi 0.57. Kijikalamu kitayapitisha bila swali.

Kinachogombaniwa ardhini ni chaji, si uzito, kwa hiyo miligramu za kila madini hugawanywa kwa kiasi kinachobeba kizio kimoja cha chaji: 23 kwa sodiamu, 20 kwa kalsiamu, 12.2 kwa magnesiamu na 61 kwa bikabonati. Jibu huitwa milikwivalenti. Maji yetu yana 5 za sodiamu, 0.5 za kalsiamu, 0.2 za magnesiamu na 5 za bikabonati. Uwiano wa sodiamu, ambao ripoti za maabara huuandika kwa herufi SAR, hupatikana kwa kujumlisha kalsiamu na magnesiamu, kugawanya jumla hiyo kwa mbili, kutafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha kuigawanya sodiamu kwa hicho kipeuo. Jumla ni 0.7, nusu yake 0.35, kipeuo chake 0.59, na 5 ikigawanywa kwa hiyo hutoa karibu 8.5.

Mwongozo wa FAO hausomi uwiano huo peke yake. Huusoma sambamba na upitishaji umeme. Kwa uwiano wa kati ya 6 na 12, maji yanapaswa kuwa na upitishaji unaozidi 1.9 ndipo yasizibe udongo hata kidogo, na yakishuka chini ya 0.5 hatari huwa kubwa. Maji yetu ya 0.57 yamesimama ukingoni. Hapa ndipo wasikilizaji wangu wengi hukunja uso, kwa sababu maana yake ni kwamba uchache wa chumvi, ambao kijikalamu kiliusifu, ni sehemu ya tatizo. Chumvi nyingi ndani ya maji huzibana chembe za mfinyanzi zisitawanyike, hata pale sodiamu inapokuwa nyingi. Maji mepesi huziacha huru. Jambo hili nitalirudia tutakapofika kwenye mvua, maana ndilo linalofumbua fumbo la Aprili.

Kuna hesabu ya pili, nyepesi zaidi, ambayo ni bikabonati ukitoa kalsiamu na magnesiamu. Kwa maji yetu ni 5 kutoa 0.7, yaani 4.3. Kipimo kilichozoeleka ni kwamba chini ya 1.25 ni salama, na juu ya 2.5 maji hayafai kutumika bila kutibiwa. Bikabonati iliyozidi namna hiyo, udongo unapokauka, huikamata kalsiamu yoyote inayoikuta, iwe ya udongo wenyewe au ya mbolea iliyonunuliwa kwa pesa nzuri, na kuigeuza chokaa isiyoyeyuka. Sodiamu hubaki bila mpinzani. Wakati huo huo udongo hupanda kuelekea ualikali, madini ya chuma yanashindwa kuyeyuka, na jani jipya hutoka la manjano kati ya mishipa yake. Mtunza grini akiona manjano hutia naitrojeni, nyasi hukua kwa pupa bila kugeuka kijani ipasavyo, na mwezi mwingine huenda hivyo. Chuma kinachonyunyiziwa juu ya jani hurudisha rangi ndani ya siku chache, lakini aliyekinyunyizia ajue kwamba ametibu dalili.

Wingi wa kinachoingia si wa kubeza. Katika kiangazi cha Januari na Februari, nyasi za Nairobi hupoteza takriban milimita 5 za maji kwa siku. Grini 18 zenye mita 500 za mraba kila moja zitahitaji mita za ujazo 45 kila siku ili kufidia. Upitishaji wa 0.57 ni kama miligramu 365 za chumvi katika kila lita, kwa hiyo kila siku kilo 16 hivi za chumvi humwagwa juu ya grini hizo, na katika siku 60 bila mvua zitakuwa zimefikia karibu kilo 985. Hayo ni kama magunia ishirini ya kilo hamsini. Maji yenyewe hupaa hewani, magunia hubaki.

Udongo upi unaomwagiliwa

Gofu imechezwa Nairobi tangu mwaka 1906, ilipoanzishwa klabu ambayo leo ni Royal Nairobi, na kwa miongo mingi desturi ya kujenga grini, hapa na duniani, ilikuwa kusukuma udongo wa papo hapo ukawa kilima kidogo, kuusawazisha na kupanda nyasi. Mwaka 1960 Shirikisho la Gofu la Marekani, USGA, lilitoa vipimo vyake vya kwanza vya grini ya mchanga: kina cha sentimita 30 za mchanga uliochaguliwa, na chini yake kokoto za sentimita 10 zenye mabomba ya kutolea maji. Mchanga safi hauna mfinyanzi wa kutawanyika, kwa hiyo sodiamu inakosa cha kubomoa, na mwenye grini ya aina hiyo ana haki ya kulala usingizi mzito kuliko jirani yake.

Haki hiyo ina mwisho. Kila mwaka grini hupakwa mchanga mwembamba juu ili uso uwe sawa, na mchanga unaopatikana kwa urahisi Nairobi ni ule wa mto unaoletwa na malori kutoka pande za Machakos. Usipooshwa na kuchekechwa huja na matope yake. Vipimo vya USGA haviruhusu mfinyanzi uzidi asilimia 3, na ukiongeza kidogo kila mwaka kwa miaka kumi unaweza kujenga, kwa mikono yako mwenyewe, tabaka la mfinyanzi juu ya mchanga uliogharimu mamilioni. Sodiamu italikuta hapo likiisubiri.

Kwa grini za udongo, bahati hutegemea ulipo. Udongo mwekundu wa magharibi na kaskazini mwa jiji una oksidi za chuma zinazozigandamanisha chembe zake, na huvumilia sodiamu kwa muda mrefu kabla ya kusalimu amri. Ule mweusi wa pamba unaotawala kusini na mashariki, ambao hupasuka kiangazi na kunasa magari masika, hauna subira hiyo. Nimewahi kuona viwanja viwili vikitumia maji yanayofanana kwa ripoti, kimoja kikiendelea salama na kingine kikifunga grini nne. Wenye vilabu walilaumiana kuhusu mbolea.

Kwa nini Aprili

Sasa turudi kwenye ile grini yenye kamba. Kiangazi chote ilipokea maji yenye sodiamu, na chembe zake za mfinyanzi zilikwisha kubadilishana, zikaachia kalsiamu na kushika sodiamu. Hata hivyo hazikutawanyika sana, kwa kuwa chumvi zile zilizokuwa zikijikusanya ardhini ziliyafanya maji ya udongo kuwa mazito kiasi cha kuzibana. Nyasi zikawa kijani. Kisha masika ikafika na maji ambayo upitishaji wake wa umeme ni karibu na sifuri, na ndani ya siku chache ikaziosha chumvi huru kutoka sentimita za juu. Sodiamu iliyoshikwa na mfinyanzi haikuoshwa, maana mvua haina kalsiamu ya kuibandua. Kibano kikawa kimeondoka na mbomoaji amebaki. Vibonge vikayeyuka kwa siku moja au mbili, matundu yakajaa tope laini, na maji yakasimama juu huku chini kukiwa kukavu.

Chini ya tabaka lililozibwa hewa haifiki. Bakteria wanaoishi bila oksijeni hugeukia salfeti, wakatoa ile hewa ya harufu ya yai viza, na hewa hiyo ikikutana na chuma hufanya salfidi ya chuma, ambayo ni nyeusi. Huo ndio utepe alioninusisha yule bwana. Mizizi haivuki hapo.

Namna ya kutibu

Dawa ya msingi ni kuirudisha kalsiamu, na njia rahisi ya kuirudisha ni jasi, yaani salfeti ya kalsiamu. Watu wengi hukimbilia chokaa, kwa kuwa nayo ina kalsiamu na hupatikana kila duka la pembejeo, lakini katika udongo ulio na bikabonati nyingi chokaa haiyeyuki, hivyo kuitia ni kama kumwaga kokoto. Jasi huyeyuka bila kujali ualikali. Ikisagwa laini sana inaweza kuchanganywa ndani ya maji yenyewe: gramu 86 katika kila mita ya ujazo huongeza milikwivalenti moja ya kalsiamu. Tukitia gramu 172 katika maji yetu ya mfano, kalsiamu na magnesiamu zitafika 2.7 na uwiano wa sodiamu utashuka kutoka 8.5 hadi takriban 4.3. Kwa mita 45 za kila siku hizo ni chini ya kilo 8, na kwa kiangazi kizima cha siku 60 ni kilo 464 tu kwa grini zote 18. Klabu nyingi hutumia zaidi ya hapo kununua nyasi za kupandikizia viraka.

Asiye na mtambo wa kuchanganyia huinyunyiza jasi juu ya grini kavu, gramu 25 hadi 50 kwa kila mita ya mraba kwa mara moja, kisha akamwagilia. Muhimu ni wakati. Jasi inapaswa kuwa ardhini kufikia mwisho wa Februari au mapema Machi, mvua isijaanza, ili mvua yenyewe ndiyo iisukume kalsiamu ndani na kuitoa sodiamu chini. Ukiitia Aprili juu ya maji yaliyotuama umechelewa, na salfeti yake itawalisha wale bakteria wa utepe mweusi. Na kabla ya jasi grini itobolewe, kwa sababu dawa isiyo na njia ya kushukia haifiki popote. Vile vijiti vya udongo vinavyotoka kwenye mashine ya kutobolea vikusanywe, matundu yajazwe mchanga uliooshwa.

Bikabonati hutibiwa kwa asidi, kwa kawaida ya salfuriki, inayoipuliza hewani ikiwa hewa ya ukaa. Inafanya kazi vizuri, ila ni kemikali inayochoma ngozi na kutoboa mabomba, na sijawahi kuipendekeza kwa klabu ambayo chumba chake cha pampu hakina hata bomba la kunawia macho. Aliye na nafasi ya bwawa ana suluhisho la upole zaidi: kuvuna mvua ya masika na ya vuli na kuichanganya na maji ya kisima. Ukichanganya nusu kwa nusu, sodiamu ya maji yetu hushuka hadi 2.5 na uwiano hadi karibu 6, na bikabonati nayo hupungua nusu. Lakini upitishaji umeme hushuka pia, chini ya 0.3, kwa hiyo mchanganyiko huo bila jasi unaweza kuziba zaidi ya kisima chenyewe. Nimeona watu makini wakinaswa na hapo.

Majitaka yaliyosafishwa yana tabia tofauti. Chumvi zake huwa nyingi zaidi, na kuziosha kunahitaji kumwagilia kupita mahitaji ya nyasi. Kwa nyasi zinazovumilia desisimensi 3 kwenye udongo, maji ya 1.2 yanadai ziada ya asilimia 9 hivi, ilhali maji yetu ya kisima yanadai asilimia 4 tu. Kisha kuna mbolea ambayo hakuna aliyeiagiza. Maji yenye miligramu 20 za naitrojeni kwa lita, yakimwagiliwa milimita 5 kwa siku, huitia grini kilo moja ya naitrojeni kwa hekta kila siku, na katika siku 60 kilo hizo 60 zinakaribia nusu ya kile ambacho grini nyingi hupewa mwaka mzima. Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1989 kwamba nyasi ambazo umma huzigusa, kama za hoteli, zimwagiliwe kwa maji yasiyozidi kolifomu 200 za kinyesi katika mililita 100, na mchezaji wa gofu anayelamba kidole kabla ya kushika mpira ni umma kamili.

Sampuli na glasi mbili

Hesabu zote hizi zinategemea chupa moja ya maji iliyochukuliwa vizuri. Pampu iachwe ikimbie kama nusu saa kwanza, ili maji yaliyolala ndani ya bomba yatoke. Chupa isukutuliwe kwa maji yale yale mara tatu, ijazwe pomoni bila kuacha hewa, na ifike maabara siku hiyo hiyo, kwa mfano zile za udongo na maji za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, pale Kabete. Omba sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, bikabonati, kloridi, pH na upitishaji umeme. Ripoti isiyo na bikabonati irudishe. Sampuli moja ichukuliwe Februari na nyingine Juni, kwa kuwa maji ya bwawa la Februari si maji ya bwawa la Juni.

Siku ile, kabla ya kuondoka, nilimwomba yule mtunza nyasi glasi mbili. Alileta za plastiki kutoka kantini. Moja tuliijaza maji ya kisima kwenye chumba cha pampu, na nyingine maji ya mvua yaliyokuwa yakidondoka kutoka paani. Tukachukua punje mbili za udongo mkavu uliotoka chini ya utepe mweusi, kila moja ukubwa wa njegere, tukazidondosha taratibu na kuziacha dirishani tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, punje iliyokuwa kwenye maji ya kisima ilikuwa imelegea kidogo pembeni, lakini maji yake yalikuwa bado maangavu. Glasi ya mvua ilikuwa imegeuka kama chai ya maziwa, kuanzia chini hadi juu.

Aliinua ile ya pili dhidi ya mwanga, akaitazama kwa muda. "Kwa hivyo hii jasi," aliniuliza, "nikianza Januari ijayo, niiweke kwenye tangi au juu ya nyasi?"

Tuliamua tangi, na nyasi mara moja mwishoni mwa Februari.